Mshipi Haukatwi na Samaki

Popa yangu ya kwanza ya bei ghali, chambo cha mbao cha kurusha, haikuchukuliwa na samaki. Ilijiondokea yenyewe. Tulikuwa ukingoni mwa mwamba upande wa Mkondo wa Pemba, siku za maleleji, bahari imelala. Nikainua fimbo, nikairusha popa kwa nguvu zangu zote, na katikati ya mrusho nikasikia mlio mkavu kama kijiti kilichovunjwa kwa goti. Gramu 150 za mbao, rangi na ndoana zikaendelea na safari peke yake, zikaanguka mbali kuliko nilivyowahi kurusha maishani, na mshipi ukabaki unapeperuka kwenye pete za fimbo. Nahodha, mzee aliyevua kwa mshipi wa mkono tangu utoto, hakugeuza hata shingo.

"Leo umewalisha mbao, bwana," akasema.

Boksi la mshipi ule lilikuwa limeandikwa pauni 80, yaani kilo 36 na ushei. Popa ilikuwa nyepesi kuliko embe dodo. Inakuwaje mshipi wa kubeba mfuko mzima wa mchele ukatwe na kitu unachoweza kukiweka mfukoni? Ukilijibu swali hilo vizuri, umekwisha kuchagua mshipi. Ukiliruka, utanunua kwa kusoma namba kubwa kwenye boksi kama nilivyofanya mimi, na utaendelea kuwalisha mbao.

Tuanze na samaki, kwa kuwa ndiye anayesingiziwa. Anayerushiwa chambo kikubwa katika pwani yetu ni kolekole, na hasa yule mkubwa kuliko kolekole wote, Caranx ignobilis, ambaye wavuvi wa michezo dunia nzima wanamwita kwa herufi mbili tu, GT. Rekodi ya dunia ya samaki huyu ni kilo 72.8, aliyevuliwa visiwa vya Tokara, Japani, mwaka 2006. Wa kwetu wa kilo 20 au 30 anatosha kabisa kumpigisha mtu magoti. Lakini tazama jinsi pambano linavyokwenda. Rili ina breki, na breki hiyo wavuvi wa kolekole huifunga mpaka kilo 10 au 12, wenye mgongo wa chuma mpaka 15. Samaki akivuta zaidi ya hapo, bobini inazunguka na mshipi unatoka. Mradi bobini inazunguka, hata awe na nguvu za punda, hawezi kuuvuta mshipi kwa kilo 36. Kwa hesabu ya samaki peke yake, mshipi wa kilo 20 ungetosha na kubaki.

Basi kwa nini watu wazima wenye akili zao wananunua mishipi ya kilo 50? Kwa sababu mshipi una maadui watatu wengine: mrusho, fundo na mwamba. Hao ndio wa kuwatazama unaposimama dukani.

Kabla ya kufika kwao, ni vizuri kujua tunazungumzia kitu gani. Mshipi wa nailoni ambao kila mvuvi wa pwani anaujua ni uzi mmoja mzima, laini, unaovutika. Mshipi wa kusuka ni nyuzi nyembamba mno zilizosukwa pamoja, na aliyekulia karibu na wasuka mikeka hahitaji maelezo marefu: kamba ya usumba husokotwa, ukili husukwa, na kila mtu anajua ipi inajifungua ukiiachia. Nyuzi zenyewe ni polithini, ndugu wa damu wa mfuko wa plastiki, ila ndugu huyu amelelewa kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wanakemia wa kampuni ya DSM ya Uholanzi, Paul Smith na Piet Lemstra, waligundua kwamba polithini yenye minyororo mirefu sana ya molekuli ikiyeyushwa iwe kama ute, kisha ikavutwa kwa mpango, minyororo ile hujilaza upande mmoja kama nywele zilizochanwa vizuri kabla ya kusukwa. Matokeo yake ni uzi ambao, ukilinganisha uzito kwa uzito, unaishinda chuma mara nyingi. Wauzaji wanauita Dyneema, Spectra au Izanas kutegemea umetoka Uholanzi, Marekani au Japani. Hutengenezewa fulana za kuzuia risasi na kamba za meli.

Uzi huo umekuja na tabia zake. Hauvutiki: nailoni inaweza kurefuka kwa asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika, huu hukatika ukirefuka kwa asilimia tatu au nne tu. Unaelea, kwa sababu ni mwepesi kuliko maji. Unateleza kama umepakwa sabuni. Na huyeyuka kwenye nyuzi joto 145 hivi, moto ambao mafuta ya kukaangia maandazi huupita. Karibu kila faida na kila hasara nitakayoitaja hapa inatokana na mambo hayo manne.

Kutovutika ndiko kulikowafanya warusha popa waiache nailoni. Popa haina maisha yake. Inaishi kwa kushtuliwa na fimbo ili mdomo wake uliochongwa uchote maji na kupiga kishindo juu ya bahari. Ikiwa iko mita 50 mbele na mshipi ukarefuka kwa asilimia tano tu, mita mbili na nusu za kuvuta kwako zimemezwa na mshipi, na popa imejitingisha kidogo kama mtu aliyeamshwa akarudi kulala. Halafu kuna unene. Nailoni ya pauni 100 ina kipenyo cha kama milimita moja, mshipi wa kusuka wa nguvu hiyo ni nusu yake au chini ya hapo. Kipenyo kikiwa nusu, rili ileile inabeba urefu mara nne, na upepo una kidogo cha kushika.

Sasa turudi kwenye popa yangu iliyopaa. Chambo cha gramu 150 kikirushwa na mtu mwenye mabega huondoka kwa mwendo wa kama mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, mwendo wa basi la mkoani dereva akijua njia haina trafiki. Kukifikisha kwenye mwendo huo hakuhitaji nguvu kubwa. Fimbo inakisukuma taratibu kwa mita kadhaa, na mshipi hausikii zaidi ya kilo mbili tatu. Balaa linakuja pale kitanzi kimoja kilicholegea kinapotoka kwenye bobini na kujikunja kwenye pete ya fimbo, au mkono wa waya wa rili unapojifunga wenyewe katikati ya mrusho. Basi limegonga ukuta. Tuseme zimekwisha kutoka mita 10. Mshipi wa kusuka una asilimia tatu za kurefuka, yaani sentimita 30 za kulisimamisha basi lile. Kwa hesabu ya darasani, kusimamisha gramu 150 katika nafasi hiyo kunahitaji wastani wa kilo 23, na kwa kuwa mkazo unaanza sifuri na kupanda, kilele chake kinakaribia kilo 46. Nailoni ingekuwa na mita mbili za kulegeza, na kilele kingekuwa kama kilo saba. Fimbo inayopinda inapunguza kidogo, ndiyo, lakini hesabu ndiyo hiyo. Mshipi wangu wa kilo 36 haukuwa mbovu. Nilikuwa nimeupeleka vitani bila kujua adui yuko wapi.

Hapa ndipo namba za boksi zinapoanza kuchosha. Pauni zilizoandikwa mbele ni madai ya muuzaji: mmoja anaandika wastani, mwingine anaandika kipimo cha juu kabisa alichowahi kukipata, wa tatu anaandika kinachouzika. Namba ya kuaminika zaidi ni ile ya Wajapani inayotanguliwa na herufi PE, kwa kuwa haipimi nguvu, inapima kiasi cha uzi uliotumika. PE1 ni denya 200, na denya ni gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. PE8 basi ni denya 1,600. Kipenyo cha PE1 huhesabiwa kuwa milimita 0.165, na kwa kuwa unene hukua kwa kipeuo cha pili, PE8 haiwi nene mara nane. Ni kama milimita 0.47, mara mbili tu ya PE2.

Uzuri wa kipimo cha uzito ni kwamba unaweza kumhakiki muuzaji bila maabara. Mita 300 za PE8 zinapaswa kuwa na uzani wa gramu 53 hivi, na nyongeza kidogo ya rangi na nta. Pima kibobini cha dukani kikiwa kimejaa, zungusha mshipi kwenye rili yako, kisha pima kibobini kitupu. Sonara yeyote ana mizani ya kazi hiyo, na akikuuliza unapima nini mwambie dhahabu ya bahari. Ukikuta gramu 80, umeuziwa PE12 iliyoandikwa PE8: ina nguvu kweli, lakini ni nene, na nusu ya sababu ya kuinunua imepotea. Ukikuta 40, umeuziwa PE6 yenye majivuno.

Kwa hiyo ukubwa gani? Msimamo wangu ni kuanza na uzito wa chambo, halafu mwamba, na samaki aje mwisho. Kwa popa na samaki wa mbao wa gramu 100 mpaka 160, PE8 ndiyo kazi yake. Nguvu yake halisi huwa karibu na kilo 45 mpaka 55, na ukirudi kwenye hesabu ya kilele cha kilo 46 utaona kwamba inavuka kwa tabu, si kwa anasa. Ukipanda kwenye popa za gramu 200 na mwamba wenye meno kama wa kuzunguka Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha ndege kusini-mashariki mwa Unguja, PE10 ni busara, ingawa utaona mita kadhaa zimepungua kwenye mrusho. Kushuka PE5 au PE6 kunafaa kwa vyambo vya gramu 60 mpaka 90 na kwa jodari walio juu ya maji ya kina, ambako hakuna jiwe la kuogopa na unachohitaji ni urefu wa mshipi kwenye bobini.

Kama unadhani bado ukubwa wa samaki ndio unaoamua, mtazame sangara. Rekodi ya dunia ya sangara ni kilo 104 na ushei, aliyetoka Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, samaki anayemzidi kolekole wa Tokara kwa zaidi ya kilo 30. Lakini anayesimama juu ya mawe chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda, akirusha chambo cha gramu 40 au 50, anatosheka na PE4 au PE5. Samaki mkubwa, mshipi mwembamba. Chambo ni chepesi, na sangara hupenda kuruka na kutikisa kichwa kuliko kukimbilia kwenye pango.

Kuhusu idadi ya nyuzi watu wanabishana kuliko inavyostahili. Zilizozoeleka ni nne na nane. Zipo za kumi na mbili, na zipo za kumi na sita zilizosukwa zikaacha tundu katikati kama utambi wa taa. Msuka mkeka atakwambia bila kufikiri: miyaa michache minene hutoa ukili mgumu wenye mabonde, mingi membamba hutoa ukili laini wa duara. Mshipi wa nyuzi nne unakwaruza pete za fimbo kwa sauti ya msumeno na hauendi mbali, lakini kila uzi wake ni mnene, kwa hiyo jiwe linachukua muda kuumaliza. Wa nane unapita kimya na kwenda mbali. Kwa anayerusha mara mia tatu kwa siku, na kolekole ni samaki wa mirusho mia tatu, ninachagua nane bila kuumiza kichwa. Wa nne nitauchukua mfuko ukiwa umetoboka. Kinachosahaulika ni ukazo wa msuko: mshipi uliosukwa kwa kulegea hulala bapa kama utepe, hushika upepo na kuzaa vile vitanzi vilivyoniponza. Uviringishe kati ya kidole na gumba kabla ya kulipa. Ukiwa wa duara na wenye ugumu kidogo, endelea. Ukiwa bapa na mlegevu kama kamba ya kiatu kikuukuu, urudishe kwa adabu.

Rangi nisiipe sentensi nyingi. Mbele ya mshipi kuna lida, kipande cha nailoni nene kinachoshika chambo, samaki haoni kitu kingine. Chagua rangi unayoiona wewe na anayoiona nahodha. Ile mishipi inayobadilika rangi kila mita 10 ni ya kushusha chambo cha chuma chini kwenye kina, ili ujue umefika wapi.

Lida ndiyo inayotupeleka kwa adui wa pili na wa tatu kwa pamoja. Mshipi wa kusuka uliokazwa ukigusa tumbawe hukatika kabla hujamaliza kusema bismillahi. Nailoni nene ya pauni 130 mpaka 200 inastahimili kukwaruzwa, kwa hiyo ndiyo inayotangulia. Lakini ili nailoni iungane na uzi unaoteleza kama sabuni panahitajika fundo la namna yake. Fundo la FG, ambalo mshipi wa kusuka huizunguka nailoni huku na huku kama mara ishirini, hubana kadiri linavyovutwa, na ni jembamba kiasi cha kupita kwenye pete. Lina sharti moja: lisikazwe likiwa kavu. Msuguano wa kukaza ni moto, na tumekwisha kusema uzi huu unayeyuka kwenye joto gani. Mate yanatosha. Fundo baya linaweza kula nusu ya nguvu, na hapo PE8 uliyoihangaikia imegeuka PE4 kimyakimya, hujui mpaka siku ya siku.

Mvutano uliobaki haujapata suluhu ya kuridhisha. Mwamba unataka lida ndefu, mita nne au tano, ili samaki akiingia mapangoni kinachosuguliwa kiwe nailoni. Mrusho unataka lida fupi, ili fundo likae nje ya pete na lisigonge chochote. Wapo wanaoapa kwa lida ndefu na fundo lililoingia mpaka kwenye bobini. Mimi nimehamia kwenye fupi, mita moja na nusu au mbili, na kuufidia mwamba kwa breki: mita 20 za kwanza asipewe nafasi. Kolekole akishinda mita hizo, urefu wa lida haumzuii. Ndiyo sababu pia siumii sana kuhusu mita 300 kamili za mshipi mpya. Kwenye mwamba pambano huamuliwa karibu, na nusu ya chini ya bobini haioni jua mwaka mzima. Ukichakaa juu, ugeuze wa chini uje juu. Ila uzungushe ukiwa umekazwa kwa kitambaa chenye maji, la sivyo tabaka la juu litazama kwenye la chini, na mrusho unaofuata unaijua hadithi yake.

Baada ya kila safari, maji baridi ya bomba kwa dakika chache, kisha pitisha mita 20 za mbele kwenye kipande cha pamba. Pale pamba inaponasa, kuna uzi uliokatika. Kata mpaka upite hapo. Vipande usivitupe baharini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na huu ni plastiki ileile, ila imara zaidi na nyembamba kiasi cha kumfunga kasa bila yeye kuuona. Chupa tupu ya maji ndani ya chombo inatosha kuvihifadhi. Na ndani ya hifadhi za taifa za baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hakuna mshipi wa aina yoyote unaoruhusiwa, hata uwe na Dyneema ya namna gani.

Safari iliyofuata nilirudi kwa nahodha yuleyule na PE8 ya nyuzi nane, imepimwa kwa sonara, imezungushwa kwa kukazwa, lida fupi, fundo la mate. Nikampa mita kadhaa za ziada akajaribu. Akajiviringishia kiganjani, akavuta, akaiachia haraka akijitazama vidole.

"Huu unakata mkono," akasema. "Wenye fimbo vueni nao. Sisi wa mkono tutabaki na nailoni yetu nene." Kisha akakiona kile kibobini kitupu kwenye mfuko wangu, ambacho nilikuwa nimekibeba bila sababu tangu kwa sonara. "Lakini hicho nipe. Nitazungushia mshipi wangu wa changu."

Nikampa.